Diski imejaa na logi hazizunguki: kutafuta chanzo kwenye seva ya Linux

Diski ikijaa kwenye seva, mkono unakimbilia `rm`, amri ya kufuta. Uzuie. Logi, yaani faili ambalo programu huandikia kumbukumbu za kazi zake, ikifutwa wakati programu bado inaiandikia, nafasi hairudi hata kidogo, na ushahidi wa kilichotokea umeshautupa. Nahudumia seva ndogo ndogo hapa Dodoma na wilaya za jirani: ofisi za ushirika, maduka ya jumla, hosteli za wanafunzi, maghala ya nafaka. Nyingi ni kompyuta moja iliyowekwa kwenye kona ya ofisi, diski yake si kubwa, haina msimamizi wa kudumu, na jioni inazimwa. Maelekezo mengi kuhusu mzunguko wa logi, yaani kuiweka pembeni logi ya zamani na kuanza mpya, yameandikwa kwa ajili ya seva isiyolala, kwa hiyo ukiyanakili yalivyo, yanakuacha njiani.

Nitatumia mfano mmoja: mfumo wa mizani kwenye ghala la mahindi Kibaigwa. Lori likipanda mizani, programu ya Java inasoma uzito, inatoa stakabadhi, na inaandika mstari kwenye `/var/log/mizani/mizani.log`. Kuanzia Mei mavuno yanaanza kuingia sokoni, malori yanapanga foleni, na logi iliyokuwa ikikua polepole miezi yote ya nyuma inaanza kukimbia. Karani anapiga simu: "Kaka, mfumo umegoma kutoa stakabadhi, foleni imefika barabarani."

Chanzo kitakuwa mojawapo ya mambo matatu. Ama hakuna kinachoiamsha logrotate, programu inayozungusha logi. Ama inaamka lakini kanuni uliyoandika haiigusi logi hiyo. Ama inaizungusha vizuri lakini programu haijaliachia faili la zamani. Kwa karani dalili zote ni moja, mfumo umegoma. Dawa zake ndizo zinazotofautiana, na dawa ya tatizo moja inaweza kulizidisha jingine.

Kabla ya kugusa chochote

```
df -h /var
df -i /var
du -xh --max-depth=2 /var | sort -h | tail -15
```

Amri ya kwanza inaonyesha nafasi iliyobaki. Ya pili inaonyesha inodi, yaani rekodi ambayo kila faili huhitaji moja, na idadi yake kwenye diski ina ukomo. Diski inaweza kuwa na nafasi tele lakini inodi zimeisha, na programu zikalalamika vilevile kwamba hakuna nafasi. Ya tatu inakuonyesha folda nzito. Endesha zote kama `root`, mtumiaji mkuu wa mashine, la sivyo `du` itaruka folda isizoruhusiwa kuzisoma na utapata picha ya uongo.

Linganisha `df` na `du`. Zikikubaliana, logi nzito unaiona kwa macho na kazi yako ni kujua kwa nini haikuzungushwa. Zisipokubaliana, soma sehemu inayofuata kwanza.

`df` inasema imejaa, `du` haioni mzigo

Hii ndiyo dalili ya mtu aliyekwisha kupita na `rm`. Kwenye Unix jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Jina ni lebo kwenye folda. Data inakaa kwenye inodi. Ukifuta, unaondoa lebo. Kama kuna programu iliyolifungua faili hilo, inodi inaendelea kuwepo na programu inaendelea kuijaza mpaka ilifunge faili au izimwe. `du` hutembea kwa majina, kwa hiyo hailioni. `df` huuliza mfumo wa mafaili wenyewe, kwa hiyo inaona kila baiti.

```
lsof +L1
```

Amri hii inaorodhesha mafaili yaliyofunguliwa ambayo hayana jina tena. Soma mstari wa Java taratibu. Safu ya PID, namba ya programu inayoendeshwa, inasema 1417. Safu ya FD inasema `1w`, maana yake ni njia namba 1, ile ya matokeo ya kawaida ya programu, na imefunguliwa kwa kuandika. Safu ya ukubwa inasema 19327352832, ambazo ni GiB 18 kamili. Safu ya NLINK inasema 0: hakuna jina hata moja linaloelekea huko. Mwisho wa mstari utaona njia ya zamani ya faili ikifuatwa na neno `deleted`. GiB 18 ulizokuwa unazitafuta ziko hapo.

Wengi hapa huizima programu na kuiwasha tena. Nafasi inarudi, ndiyo, lakini logi imekwenda moja kwa moja. Kama stakabadhi za leo zina utata, na mkulima anasema alishusha magunia mengi kuliko yaliyoandikwa, logi hiyo ndiyo shahidi wake. Programu ikiwa bado hai, faili bado linasomeka kupitia `/proc`, folda ambamo Linux inaonyesha programu zilizo hai. Lichukue kwanza ulipeleke kwenye diski nyingine au flashi kubwa:

```
cp /proc/1417/fd/1 /mnt/nakala/mizani-iliyofutwa.log
ls -lh /mnt/nakala/
: > /proc/1417/fd/1
```

Mstari wa mwisho unalikausha faili bila kuizima programu, na nafasi inarudi palepale. Hakikisha nakala imekamilika kabla hujaugusa. Kisha panga kuiwasha programu upya jioni, malori yakiisha, kwa sababu mpaka hapo bado inaandika kwenye faili lisilo na jina.

Logi haijawahi kuzunguka

Kwenye `/var/log/mizani` kuna `mizani.log` peke yake, nzito, bila `.1` wala `.gz`, yaani logi zilizokwisha kuzungushwa, pembeni yake. Usianze na kanuni. Anza kwa kuuliza kama logrotate imeamka.

logrotate si huduma inayokaa macho. Ni programu ya kawaida inayoamshwa, inafanya kazi, inatoka. Kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zao za sasa inaamshwa na taima ya systemd, msimamizi wa huduma za mashine. Kwenye mashine za zamani inaamshwa na cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, kupitia `/etc/cron.daily/logrotate`.

```
systemctl list-timers logrotate.timer
journalctl -u logrotate.service --since "-14 days"
```

Safu ya LAST ikiwa tupu, taima haijawahi kulia. Na hapa kuna mtego ambao watu wanaupita: Debian bado inaweka skripti ile ya `/etc/cron.daily`, lakini skripti hiyo ikigundua systemd inaendesha mashine, inatoka kimya bila kufanya lolote. Mtu akiwa amezima taima akiamini cron itafanya kazi, hakuna kinachofanya kazi. Ukiona skripti ipo, isikupe faraja. Angalia taima, na kama imezimwa, iwashe kwa `systemctl enable --now logrotate.timer`.

Sasa suala la kuzima jioni. Ofisi nyingi za kwetu zinashusha meni swichi mlango unapofungwa, kwa kuogopa umeme kurudi kwa kishindo usiku na kuunguza vifaa. Siwalaumu, vifaa ni ghali. Lakini taima ya logrotate imepangwa saa sita usiku, na cron ya Debian inaendesha kazi za kila siku saa 12 na dakika 25 asubuhi, wakati karani bado yuko njiani. Seva inayofanya kazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni haikutani na saa hizo hata siku moja.

Taima ya systemd ina kinga yake: mstari wa `Persistent=true` unaifanya ikumbuke miadi iliyopita na kuitimiza mashine ikiwaka. Thibitisha upo kwa `systemctl cat logrotate.timer`. Kwa mashine ya cron peke yake, sakinisha `anacron`, kazi yake ndiyo hiyo hasa. Njia nyingine ni kuhamisha saa ya kazi za kila siku ndani ya `/etc/crontab` na kuiweka saa ambayo mashine huwa imewaka, mfano saa saba mchana wakati wa chakula. Mimi naipendelea anacron, kwa sababu ofisi ikibadili ratiba yake, hakuna wa kukumbuka kubadili crontab.

Kukatika kwa umeme ghafla kuna madhara mengine mawili.

La kwanza ni daftari la logrotate. Tarehe ya mwisho ya kuzungusha kila logi huandikwa kwenye `/var/lib/logrotate/status`, au `/var/lib/logrotate/logrotate.status` kwenye jamii ya Red Hat. Umeme ukikatika katikati ya kuliandika, linaweza kubaki na takataka. Kwenye jurnali, logi ya systemd inayosomwa kwa `journalctl`, utaona lalamiko lenye maneno `bad line` na `state file`. Lisogeze pembeni, usilihariri kwa mkono:

```
mv /var/lib/logrotate/status /root/status-bovu
logrotate -v /etc/logrotate.conf
```

Usishangae kwamba mara ya kwanza hakuna kilichozunguka. logrotate ikiona logi isiyo kwenye daftari, inaandika tarehe ya leo na kuiacha mpaka zamu ijayo. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayowachanganya wanaoandika kanuni mpya mchana na kuijaribu palepale. Kama diski haiwezi kusubiri, lazimisha kwa `logrotate -f /etc/logrotate.conf`, ukijua kwamba unazilazimisha logi zote.

La pili ni saa ya mashine. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi imekufa inaweza kuamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa, hasa intaneti ikichelewa kupatikana ili isahihishe saa. logrotate ikiona daftari lina tarehe iliyo mbele ya saa ya mashine kwa zaidi ya saa 25, inalalamika hivi na kuizungusha logi kwa nguvu:

```
log /var/log/mizani/mizani.log last rotated in the future -- rotation forced
```

Saa ikisahihishwa, daftari sasa lina tarehe ya zamani mno, kwa hiyo inazungusha tena. Kila asubuhi ya namna hiyo inakula nafasi mbili za logi zako za akiba, na kanuni yenye `rotate 7` inaweza kumaliza wiki nzima ya kumbukumbu ndani ya siku chache. Ukiona vipande vidogo vidogo vya logi vyenye tarehe za ajabu, angalia `timedatectl`, kisha nenda duka la vifaa ununue betri. Bei yake haifanani na hasara yake.

Taima inalia, lakini logi yako inarukwa

Jurnali inaonyesha logrotate iliendeshwa, logi nyingine zina `.1` na `.gz`, ya mizani haina. Sasa ndiyo uende kwenye kanuni:

```
logrotate -d /etc/logrotate.conf 2>&1 | less
```

`-d` haibadilishi chochote, inasimulia tu ingefanya nini. Napendekeza uipe `/etc/logrotate.conf`, usiipe faili lako la `/etc/logrotate.d/mizani` peke yake. Ukilipa faili moja, mipangilio ya jumla haisomwi, na unaweza kupata kosa ambalo usiku halipo, au ukakosa kuona kosa ambalo usiku lipo. Ubuntu, kwa mfano, ina mstari wa `su root adm` kwenye faili la jumla.

Ndani ya `less`, tafuta jina la logi yako kwa `/mizani`. Jina lisipotokea kabisa, faili la kanuni halikusomwa. Huenda umelihifadhi kama `mizani.bak` au `mizani.disabled`, viambishi vya aina hiyo hurukwa kwa makusudi. Huenda linaandikika na kila mtu, na logrotate inakataa kufuata kanuni ambayo mtu yeyote angeweza kuibadili, maana inaendeshwa kama `root`. `chown root:root` na `chmod 644` vinatosha.

Jina likitokea pamoja na maneno haya:

```
error: skipping "/var/log/mizani/mizani.log" because parent directory has insecure permissions
```

basi folda ya `/var/log/mizani` inaandikika na kundi lisilo la `root`, au na kila mtu. Mara nyingi ni aliyesakinisha mfumo akaona programu haiwezi kuandika, akapiga `chmod 777` na kuondoka. logrotate inakataa kwa sababu nzuri: kwenye folda ya namna hiyo mtu anaweza kuweka kiungo kinachoelekea `/etc/shadow`, faili la nywila, na `root` akajikuta anachezea faili hilo. Rudisha ruhusa mahali pake, folda iwe ya mtumiaji anayeendesha programu, kisha ongeza `su mizani mizani` kwenye kanuni ili kazi ifanywe kwa jina lake.

Ukikuta `duplicate log entry`, logi moja imetajwa na kanuni mbili. Kwa kawaida kuna alama ya nyota kwenye faili jingine inayoimeza logi yako. Chagua moja.

Bila kosa lolote, ila kuna `log does not need rotating`, ni suala la masharti, na hapa `size` ndiyo inayodanganya watu wengi. `size` na `daily` hazifanyi kazi pamoja. Iliyoandikwa mwisho ndiyo inayoshika. Ukiandika `daily` kisha `size 1G`, umesema usizungushe mpaka ifike GB 1, hata ikipita miezi. Unachotaka ni `maxsize`: zungusha kila siku, au kabla ya siku kuisha ikizidi kiwango.

Ila `maxsize` inapimwa pale tu logrotate inapoamka. Ikiamka mara moja kwa siku, logi inaweza kuvuka kiwango saa tatu asubuhi na kuijaza diski kabla ya saa tisa alasiri bila ya yeyote kuitazama. Kwa ghala msimu wa mavuno, naiamsha kila saa. `systemctl edit logrotate.timer`, kisha:

```
[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=hourly
AccuracySec=1m
RandomizedDelaySec=0
```

Mstari mtupu wa `OnCalendar` unafuta ratiba ya zamani. Ukiuacha, utakuwa na ratiba mbili. Miwili ya mwisho inaondoa uhuru wa taima kuchelewa hadi saa nzima.

`.1` inazidi kunenepa, faili jipya ni tupu

Hii nataka uione kwa karibu. Angalia namba za inodi kabla na baada ya mzunguko kwa `ls -li`. Kabla, `mizani.log` ina inodi, tuseme, 393354. Baada, `mizani.log.1` ndiyo yenye 393354, na `mizani.log` ina namba mpya na baiti 0. Kubadili jina hakukuigusa inodi, na programu imeshika inodi, haikushika jina. Itaendelea kuandika pale pale, sasa kwenye faili linaloitwa `.1`. Zamu ijayo gzip, programu ya kubana mafaili, inalibana faili huku linaandikwa, na unapata `file size changed while zipping`. Asili ikishafutwa baada ya kubanwa, umerudi kwenye tatizo la GiB 18 zisizo na jina, safari hii bila mtu kugusa `rm`.

Programu iliyoandikwa kwa ajili ya kazi hii ina ishara ya kuiambia ifungue logi upya. nginx, seva ya wavuti, inataka USR1; rsyslog, mwandishi wa logi za mfumo, inataka HUP. Inawekwa kwenye kanuni:

```
postrotate
    [ -f /run/nginx.pid ] && kill -USR1 "$(cat /run/nginx.pid)"
endscript
```

Ikiwa kanuni ina sehemu hiyo na bado programu haiachii, hakiki kwamba faili la PID lipo mahali palipotajwa na namba iliyomo ni ya programu iliyo hai. Angalia pia kama mwisho wa amri kuna `|| true`. Maneno hayo yanameza kosa; amri inashindwa kila usiku na jurnali inabaki safi. Weka na `delaycompress`, ili `.1` isibanwe mpaka zamu inayofuata, programu ipate muda wa kuhama.

Dalili ya karibu yake: baada ya mzunguko programu inakaa kimya kabisa, haiandiki popote. Tazama mwenye faili jipya. Likiwa la `root` na programu inaendeshwa na mtumiaji `mizani`, ilifungua mlango ikakuta umefungwa. `create 0640 mizani adm` inamaliza hilo.

Programu yetu ya mizani haina ishara yoyote. Imewashwa na skripti ya aina hii, ambayo nimeikuta kwenye mifumo mingi iliyotengenezwa kwa haraka:

```
java -jar /opt/mizani/mizani.jar > /var/log/mizani/mizani.log 2>&1 &
```

Aliyelifungua faili ni sheli, ile inayosoma amri za skripti. Java yenyewe haijui inaandika kwenye faili, kwa hiyo hakuna wa kumwambia alifungue upya. Kinachobaki ni `copytruncate`: nakili yaliyomo kwenda `.1`, kisha kausha faili lile lile. Inodi haibadiliki na programu haishtuki. Gharama yake ni kwamba mistari inayoandikwa kati ya kunakili na kukausha hupotea. Kwa logi ya kawaida haijalishi sana. Kwa uzito wa mahindi ya mtu inajalisha, na ndiyo sababu nawasihi watengenezaji wa mifumo hii: uzito na stakabadhi viingie kwenye hifadhidata kwanza, logi iwe shahidi wa pili.

`ls` inasema GB 6, `du` inasema MB 40

Umeweka `copytruncate`, umeridhika, na kesho yake `mizani.log` bado inaonekana kubwa vile vile. `grep` nayo inakataa kuonyesha mistari, inadai ni faili la baineri. Ukiitazama kwa `head -c 64 mizani.log | xxd` unaona sifuri tupu, safu baada ya safu.

Chanzo ni alama moja kwenye ile skripti: `>`. Faili lililofunguliwa hivyo lina kumbukumbu ya mahali programu ilipofikia kuandika. logrotate inalikausha, lakini programu inakumbuka ilikuwa kwenye baiti ya bilioni sita, na mstari unaofuata inauandika hapo hapo. Mfumo wa mafaili unahesabu pengo la mwanzo kuwa sifuri bila kulihifadhi kwenye diski. Ndiyo maana `du` ina namba ndogo. Diski haijajaa kweli, lakini gzip itazisoma sifuri zote hizo kila zamu, na nakala ukiipeleka mahali pengine kizembe inaweza kuwa GB 6 za kweli.

Uthibitisho upo kwenye `/proc`:

```
cat /proc/1417/fdinfo/1
```

Mstari wa `flags` ukisoma `0100001`, faili limefunguliwa kwa kuandika tu. Ukisoma `0102001`, ile 2 ya katikati ni ruhusa ya kuongezea mwishoni, na kila mstari utaandikwa mwisho wa faili popote mwisho ulipo. Badilisha `>` iwe `>>` kwenye skripti, washa programu upya, na tatizo limeisha. Bora zaidi, iondoe skripti, iandikie programu huduma ya systemd yenye `StandardOutput=append:/var/log/mizani/mizani.log`, nayo hufungua kwa kuongezea, na umeme ukirudi programu inaamka bila kumsubiri mtu.

Kanuni niliyoiacha kwenye mfumo wa aina hii inafanana na hii:

```
/var/log/mizani/mizani.log {
    su mizani mizani
    daily
    maxsize 200M
    rotate 1000
    maxage 180
    dateext
    dateformat -%Y%m%d-%s
    missingok
    notifempty
    compress
    copytruncate
}
```

`rotate` huhesabu mafaili, haihesabu siku. Watu wanaandika `rotate 30` wakiamini wana mwezi mmoja. `Maxsize` ikizungusha mara tano kwa siku, wana siku sita. Ndiyo maana nimeweka namba kubwa na kuiachia `maxage` kazi ya kuhesabu siku. Ile `%s` kwenye jina ipo kwa sababu bila yake zamu ya pili ya siku ingekuta jina la leo limeshatumika, na logrotate ingeacha kuzungusha ikisema `already exists, skipping rotation`. Ukihamia `dateext` kutoka mtindo wa `.1` na `.2.gz`, mafaili ya mtindo wa zamani hayatafutwa na yeyote. Yaondoe mwenyewe ukishajiridhisha.

Kwa mkono inakubali, usiku inakataa

Ukiendesha `logrotate -f` mwenyewe mambo yanakwenda. Taima ikiendesha, jurnali inasema `Read-only file system`. Diski ni nzima. Huduma ya logrotate chini ya systemd imewekewa `ProtectSystem=full`, inayoifanya ione `/usr`, `/boot` na `/etc` kuwa za kusoma tu. Programu iliyosakinishwa `/usr/local/mizani` na kuweka logi humo humo inaangukia hapo. Hamishia logi `/var/log`, ndipo mahali pake. Kama mtengenezaji amepafunga mahali hapo ndani ya programu, `systemctl edit logrotate.service` na uongeze:

```
[Service]
ReadWritePaths=/usr/local/mizani/logs
```

Mengine ya haraka

Majina kama `mizani.log.1.1.1` yanatokana na kanuni ya `/var/log/mizani/*`, inayozungusha hata yaliyokwisha kuzungushwa. Iandike `*.log`. Hapo ndipo inodi huisha pia.

Kanuni zote ziko sawa na `/var` bado inajaa? Kuna logi ambazo logrotate haizihusu. Jurnali ya systemd inapimwa kwa `journalctl --disk-usage`, inapunguzwa kwa `journalctl --vacuum-size=500M`, na inawekewa ukomo kwa `SystemMaxUse=500M` kwenye `/etc/systemd/journald.conf`. Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, kwa mpangilio wake wa kawaida wa `json-file`, haizungushi chochote mpaka uiambie `max-size` na `max-file` kwenye `/etc/docker/daemon.json`, na kontena zilizopo hazifuati mpangilio mpya mpaka zitengenezwe upya.

Mzigo wa Jumanne uko kwenye logi ya Jumatano

Mkulima amekuja na stakabadhi ya Jumanne, karani anafungua logi yenye tarehe ya Jumanne na haoni gari lake. Hakuna kilichopotea. `dateext` huandika tarehe ya siku ya kuzungusha, na logi inayozungushwa Jumatano kabla ya kazi kuanza imebeba mambo ya Jumanne. `dateyesterday` huweka tarehe ya jana kwenye jina, lakini itumie tu pale ambapo mzunguko ni mmoja kwa siku, baada ya saa sita usiku. Pamoja na `maxsize` ya kila saa itazidisha mkanganyiko. Kwenye mfumo unaozunguka kila saa, tafuta kwa yaliyomo:

```
zgrep -h "T 123 ABC" /var/log/mizani/mizani.log-202506*.gz
```

Kama mistari yenyewe ina saa zilizo nyuma kwa saa tatu, mashine imeachwa kwenye saa ya kimataifa, UTC. Saa sita usiku yake ni saa tisa usiku hapa kwetu, na gari lililopimwa saa mbili asubuhi linasomeka 05:00. Kwa seva ya ofisi moja, ambayo logi zake zinasomwa na watu wa hapa hapa, iweke kwenye saa ya hapa:

```
timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
systemctl restart cron
```

Cron haitambui badiliko hilo mpaka iwashwe upya, na Java vilevile. Fanya jioni, mizani ikiwa imefungwa, na uandike tarehe na saa ya badiliko kwenye daftari la ghala, maana logi za kabla ya hapo zitabaki na saa za UTC.